Barua za Mzazi Mkononi mwa Mwana

Suala lililotufikia siku hizi latoka Nakuru, na kwa kuwa wengi katika ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wamo ndani yake japokuwa hawajauliza, tumeona yafaa tulijibu kwa urefu. Mwulizaji ni binti akaaye mtaa wa Bondeni pamoja na babake, mwalimu aliyestaafu. Sanduku la barua pepe la mzee limejaa hata halipokei tena. Majibu ya vipimo vyake vya hospitali yalipelekwa huko, yakamrudia aliyeyapeleka. Mzee alipopewa habari hiyo akampa bintiye simu pamoja na neno la siri, akamwambia, "Futa zote, mwanangu. Mimi sina haja nazo." Binti akafungua, akakuta barua zaidi ya elfu kumi na moja, nyingi hazijapata kufunguliwa hata mara moja. Akasita. Sasa auliza: je, amri ya baba yatosha, naye afute? Au asome kwanza ajue anachokifuta? Na akisoma, je, hatakuwa amechungulia siri za mzazi wake?

Mmoja katika hadhirina alisema kwamba hili si jambo la kuletwa darasani, kwani ni taka za simu tu. Hatuafikiani naye. Ndani ya suala hili mna amana, mna sitara ya mtu, mna haki ya mzazi, na mna mali pia. Mtu akisahau neno la siri la benki yake, au la serikali, au la mamlaka ya kodi, njia ya kulipata upya aghlabu hupita katika sanduku la barua pepe. Basi aliyepewa ufunguo wa sanduku hilo amepewa shada zima la funguo, awe mwenyewe alikusudia hivyo au hakukusudia.

Tutazame kidogo tulikotoka. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na pamoja nayo walipanda bara watu wa pwani kwa kazi na kwa biashara. Kati ya Mombasa na Nakuru ni zaidi ya kilomita 600, na kilichowaunganisha jamaa katika masafa hayo kilikuwa ni barua. Wazee wengi walijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Barua iliyokuja kwa herufi za Kizungu walimpa kijana wa nyumbani awasomee. Kijana huyo alikuwa na adabu zake. Alisoma kwa sauti mbele ya mwenye barua, hakutangulia kuisoma peke yake, na alichokisoma hakukipeleka barazani. Kadhalika, kwetu Kenya tarishi hakuzoea kupita nyumba kwa nyumba. Barua iliingia katika sanduku la posta, na sanduku moja lilitumiwa na jamaa nzima, pengine na shule nzima. Mwenye kushika ufunguo aliziona bahasha za watu wote. Lakini bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, na aliyeichana alijulikana.

Barua pepe imekuja bila ya gundi. Mtu aweza kuifungua, akaisoma hata mwisho, kisha akabonyeza mahali akairudisha katika hali ya barua isiyosomwa, wala mwenyewe asijue abadani. Walinzi wawili waliokuwa wakimzuia msomaji wa zamani, yaani gundi ya bahasha na sauti yake mwenyewe mbele ya mzee, wote wameondoka. Amebaki peke yake na nafsi yake.

Na wazee hawa wengi hawakuyaomba masanduku haya. Mamlaka ya Mapato ilipoleta mtambo wake wa iTax, na serikali ilipoanzisha eCitizen mwaka 2014, mtu hakuwa na budi ila awe na anwani ya barua pepe. Mzee akaenda saiba ya mjini. Kijana wa saiba akamfungulia sanduku kwa dakika chache, akamchagulia na neno la siri, pengine akalibakisha katika daftari lake mwenyewe. (Hilo nalo ni jambo la kuangaliwa: anayemsafishia mzazi sanduku, kazi yake ya kwanza ni kulibadilisha neno hilo.) Mzee akatoka na namba yake ya PIN, na sanduku lenyewe asilitie machoni tena. Huku nyuma likawa linapokea: ukumbusho wa kuwasilisha taarifa za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, ambao mtu akiupuuza hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000, hesabu za benki na za chama cha akiba na mikopo, matangazo ya maduka, na hao wenye kamari, ambao hawamjui mzee ni mwalimu wala ni imamu, humbishia mlango kila Ijumaa kama wambishiavyo kila mtu.

Sasa tuje kwenye amri ile, "Futa zote." Kwanza tuipime kwa hesabu tupu, kwani twaona wengi hufanya kazi hii bila kujua sanduku limejazwa na nini. Wengi wetu twatumia Gmail. Huduma hiyo ilipoanzishwa tarehe 1 Aprili 2004 kila mtu alipewa gigabaiti moja. Tangu mwaka 2013 kiwango cha bure kimekuwa gigabaiti 15, lakini nafasi hiyo si ya barua peke yake. Barua, picha zilizohifadhiwa katika Google na faili za Drive zote hukaa humo. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya zinazojinakili kutoka simuni huhesabiwa, na tangu mwaka 2024 akiba ya mazungumzo ya WhatsApp kwa wenye simu za Android imeingizwa katika hesabu hiyo hiyo.

Tuseme tangazo moja la duka lina uzito wa kilobaiti 75. Matangazo elfu kumi na moja hayatimizi gigabaiti moja. Na picha moja ya simu, tuseme ina megabaiti nne; picha 250 tu zimekwisha kuijaza gigabaiti nzima. Basi binti huyu, lau angelitii neno la baba kama lilivyotamkwa, angelifuta kila barua, na sanduku lingelibakia limejaa au karibu ya kujaa, kwa sababu kilichokijaza hakikuwa barua. Angelipoteza hati za pensheni bila kupata nafasi ya majibu ya hospitali.

Na hapa pana jambo ambalo twalitilia mkazo kuliko yote. Mtu mwenye haraka, akishajua kwamba matangazo ni mepesi, hugeukia vizito. Mtambo wenyewe humsaidia: huvipanga mbele yake kwa ukubwa, kikubwa juu, na kumwonyesha pa kubonyeza. Vizito hivyo ni nini? Si matangazo. Ni picha za arusi, ni sauti zilizorekodiwa, ni filamu ya mtoto akijifunza kutembea. Tumfikirie mama aliyeko Kisauni ambaye mwanawe alikuwa Muskati kwa kazi, akimpelekea picha za wajukuu kwa barua pepe, kisha mwana huyo akafariki huko. Katika sanduku la mama huyo, lililo zito kuliko yote kwa mtambo ndilo lililo zito kuliko yote kwake, na kwa sababu hiyo hiyo ndilo la kwanza kutiwa kisu. Mtambo wapima kwa baiti. Kijana aliyetumwa kazi hii, akiwa hana kipimo kingine, naye atapima kwa baiti.

Basi je, ruhusa ya mzee ni ruhusa? Sisi twaona ni ruhusa ya kuanza kazi, si ruhusa ya kuimaliza. Wanavyuoni wa fikihi wameweka sharti katika kuuza na kununua kwamba kinachouzwa kijulikane. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kauli mashuhuri ni kwamba hata kusamehe deni lisilojulikana kiasi chake hakusihi, kwani mtu huridhia kukiacha kile anachokijua. Mzee aliyesema "sina haja nazo" hakujua kwamba ndani yake mna waraka wa pensheni, na hati ya kiwanja, na barua ya mwanafunzi wake wa miaka arubaini nyuma aliyemtafuta kumshukuru. Alichokikataa ni taabu ya kitu asichokielewa. Vitu vyenyewe hakuvikataa, kwa kuwa hakuviona. Tena alichokitaka chajulikana: apate majibu yake ya hospitali. Kumtii mzazi ni kulitekeleza kusudio lake, na mwana asiyependa taabu asijifiche nyuma ya neno la mzazi akasema, "Lakini ndivyo alivyoniamuru."

Wako watakaosema: ikiwa ndivyo, basi binti na azisome zote, achague la maana na lisilo na maana. Hili nalo hatulikubali. Katika Sura ya Hujurat Waislamu wamekatazwa kupelelezana, na katika Sura ya Nur wameamrishwa kubisha hodi na kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba isiyokuwa yao. Sanduku la barua ni chumba cha ndani kuliko vyumba vyote. Husemwa pia kwamba iko hadithi mahsusi juu ya mwenye kutazama barua ya nduguye bila idhini, na wasemao hivyo wasema kweli kwamba imo katika Sunan ya Abu Daud. Lakini Abu Daud mwenyewe ameeleza kuwa njia zake zote ni dhaifu, basi sisi hatuitegemei, wala hatuihitaji, maana yaliyotangulia yatosha. Na sheria ya nchi nayo imesema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na mawasiliano yake yametajwa humo. Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta yamfanya mkosa mwenye kuingia mtamboni bila idhini. Na sheria ya kulinda habari za watu ikafuata mwaka 2019. Hatudhani kwamba kuna baba wa Bondeni atakayemshitaki bintiye. Twataja haya ili asijidhanie mtu kwamba udugu umeifuta faragha.

Na barua si ya aliyepelekewa peke yake. Shangazi aliyemwandikia nduguye juu ya matata ya nyumba yake alimwandikia nduguye. Mzee akimwambia bintiye, "Soma tu, sina siri na wewe," ametoa idhini katika haki yake; katika haki ya shangazi hana cha kutoa. Jambo hili watu hulisahau mno.

Basi binti afanye nini, ikiwa kufuta bila kujua kuna dhara, na kusoma kuna dhara? Twaona njia ipo, na imo katika ile bahasha ya zamani. Barua pepe, japo haina gundi, ina bahasha: jina la mpelekaji, tarehe, na kichwa cha habari. Hayo yaonekana bila kufungua. Kwa kawaida Gmail huonyesha pia maneno machache ya mwanzo wa barua, lakini katika kompyuta pana mahali pa kuyazima katika mipangilio, na aliye na adabu atayazima kabla ya kuanza. Kisha akae na mzee ubavuni mwake, baada ya Isha au wakati wowote wa faragha, ampangie barua kwa wapelekaji, amsomee majina. "Baba, hawa wenye duka la viatu wamekuandikia mara mia nne." Mzee atasema waende. "Hawa wa kamari?" Atasema waende, na atasema na mengine ambayo hatutayaandika. "Benki?" Hapo mzee atanyamaza kidogo. "Na huyu?" Akisikia jina, pengine atatabasamu, pengine atasema, "Huyo muache," naye amuache, wala asiulize ni nani.

Kwa njia hii majina ya wapelekaji mia mbili huenda yakazimaliza barua elfu kumi, maana wenye kuandika sana ndio wenye kuandikia kila mtu. Na kila mwenye matangazo aliyefutwa, ajitolewe katika orodha yake, la sivyo kazi itarudi upya baada ya mwaka. Huo mtindo wa kuweka alama juu ya barua zote na kubonyeza mara moja, twaukataza katika kazi ya mtu mwingine, hata kama katika sanduku lako mwenyewe waufanya kila siku. Jioni mbili au tatu zatosha. Sijui mwana ambaye hana jioni tatu za kumpa babake.

Picha nazo zisiguswe kwa ajili ya uzito. Zinakiliwe kwanza katika flashi au katika kompyuta, zifunguliwe zionekane kwamba zimenakilika sawasawa, mzee aonyeshwe, ndipo zitolewe. Na kilichotupwa katika pipa la mtambo hukaa huko siku 30 kabla ya kupotea kabisa. Muda huo kilichomo pipani huendelea kuhesabiwa katika nafasi, na kwa hiyo wengi hulimwaga pipa papo hapo wapate kuona nafasi imeongezeka. Ikiwa yamo matangazo matupu, na limwagwe. Ikiwa zimo barua za watu, ziachwe siku zake thelathini, kwani mzee hukumbuka jambo wiki ya pili.

Sasa, jicho halina pazia. Huenda katika majina na vichwa vya habari binti akaona ambalo hakulitafuta: kwamba baba ana mkopo ambao mama haujui, au kwamba kila mwezi kuna fedha ziendazo kwa nyumba fulani ya Gilgil ambayo haikupata kutajwa. Afanyeje? Aliyeona bila kutafuta hana dhambi ya kuona. Mtihani wake waanza baada ya hapo. Asifungue zaidi kutaka kuhakikisha, maana hapo ndipo anapovuka. Asimwambie mama, wala ndugu, wala rafiki wa saiba. Fedha ziendazo Gilgil huenda ni sadaka kwa yatima, nayo sadaka ya siri hatuna haki ya kuitangaza. Huenda ni jambo jingine, nalo vile vile si letu. Kama ni mkopo na muda wake wakaribia kupita na nyumba imewekwa rehani, amwambie baba peke yake, kwa upole, kwa neno moja: "Baba, nimeona jina la benki na tarehe karibu; ukitaka tulitazame pamoja, nipo." Kisha anyamaze.

Iko hali moja ambayo hukumu yake ni nyingine. Mwaka wa nane wa Hijra, kabla ya kufunguliwa Makka, Mtume alimtuma Ali na wenzake wamfuate mwanamke aliyebeba barua ya Hatib bin Abi Baltaa kwa Makureshi, ikachukuliwa, ikasomwa. Imamu Bukhari akaiweka habari hiyo katika mlango wa mwenye kutazama barua ya yule anayehofiwa kuwadhuru Waislamu. Hatari ilikuwa dhahiri na ilikuwa ya umma. Wako wanaoichukua habari hii wakaifanya ruhusa kwa kila mume mwenye wivu na kila mwana mdadisi. Hilo ni kosa kubwa. Lakini iliyo karibu nayo tumeiona: wazee wanaodanganywa kwa barua pepe na matapeli wanaojidai ni wa benki, au wa mirathi ya ng'ambo, au wa visa vya Hija, na mzee keshapeleka fedha mara mbili na yuko njiani kupeleka ya tatu. Mwana aliyeliona jina la tapeli huyo na ushahidi uko wazi, hana haki ya kunyamaza kwa kisingizio cha sitara. Aanze kwa mwenyewe mzee. Asipokubali, awaite wakubwa wa ukoo anaowaheshimu, nao walitazame mbele yake.

Na ikitokea kwamba pamoja na uangalifu wote kimepotea kitu? Mwenye kushika amana halipi isipokuwa amefanya uadui au uzembe. Aliyekaa na mzee, akamsomea majina, akafuta lililoamriwa, hana juu yake kitu. Aliyefuta barua elfu moja huku akitazama mpira, huyo ni mzembe, na kilichopotea ki shingoni mwake.

Limebaki la mzazi asiyeweza tena kujibu, kwa maradhi ya kusahau au kwa mauti. Katika mirathi, madeni hutangulia kabla ya warithi kupata chochote. Na siku hizi ushahidi wa madeni, ya kudai na ya kudaiwa, mara nyingi umo katika sanduku la barua pepe. Kwa hiyo sanduku la marehemu lisifutwe kabla ya kutafutwa madeni humo, na lisitafutwe ila madeni na wasia. Wawili waaminifu na wakae pamoja, mmoja awe shahidi juu ya mwenzake, watafute kwa majina ya benki na ya wadeni, na barua nyingine zote wazipite. Wala wasikawie: tangu Desemba 2023 Google yaweza kuifuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo. Kwa aliye hai upo mpango uliowekwa tangu mwaka 2013, ambao mwenye akaunti mwenyewe huchagua watu wasiozidi kumi watakaofikiwa na vitu vyake ikiwa hakuonekana kwa miezi mitatu, sita, kumi na miwili au kumi na minane, na huchagua pia ni vitu gani wapewe na vipi wasipewe. Watu wachache sana katika miji yetu wameutumia. Mzee na aonyeshwe, achague mwenyewe, na jina la aliyemchagua liandikwe katika wasia wake pamoja na madeni yake. Neno la siri lenyewe lisiandikwe humo, kwa sababu wasia husomwa mbele ya watu wengi.